Saa 72 Hazisubiri Kikao

Kila ifikapo Desemba mosi, Siku ya UKIMWI Duniani, miji yetu ya mpakani hujaa fulana mpya. Wanafunzi hupita na mabango, wanaoishi na VVU husimulia maisha yao, mapadri na mashehe huomba, mashirika hupiga hema la kupimia damu, na viongozi hushika kipaza sauti mmoja baada ya mwingine. Ni siku njema na sina neno nayo. Ninachokiona mwaka baada ya mwaka, hasa katika miji kama Kamembe wilayani Rusizi, nchini Rwanda, ni kile kinachofuata. Hema likishakunjwa, kila chama hurudi kwake na daftari lake, orodha yake na ripoti ya mfadhili wake. Mama anayevusha nyanya kwenda Bukavu nchini Kongo huweza kuhesabiwa na watu watatu waliomfundisha somo lilelile, na mvuvi wa kisiwa cha Nkombo asihesabiwe na yeyote.

Msimamo wangu nauweka mapema. Mashirika ya kijamii yameibeba kazi ya kinga dhidi ya VVU nchini Rwanda, na bila hayo madaktari wangebaki wamekaa na dawa zao kwenye kabati. Lakini tumezoea kuupima ushirikiano wa mashirika hayo kwa idadi ya vikao, mahudhurio na picha za pamoja. Kipimo cha haki ni kingine: mtu aliyebisha hodi kwa chama kimoja, je, alishikwa mkono mpaka akaifikia huduma aliyoihitaji, kwa wakati wake, bila kupotelea njiani?

Chukua dawa za dharura zinazoitwa PEP. Aliyebakwa, muuguzi aliyejichoma sindano yenye damu ya mgonjwa, au aliyepasukiwa na kondomu ana saa 72 tu za kuanza dawa hizo, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyomkinga vizuri zaidi. Akishaanza, huzimeza kwa siku 28. Rwanda imejitahidi katika jambo hili. Kituo cha kwanza cha Isange, ambapo aliyetendewa ukatili hupata daktari, polisi na mshauri mahali pamoja, kilifunguliwa mwaka 2009 katika hospitali ya polisi ya Kacyiru mjini Kigali, na baadaye huduma hiyo ikasambazwa katika hospitali za wilaya. Dawa zipo, na wahudumu wapo.

Lakini msichana wa kisiwani aliyetendewa ukatili Ijumaa jioni haanzi safari yake hospitalini. Huanza kwa shangazi yake, kwa mwalimu wa dini, au kwa mama wa kikundi cha kuweka na kukopa anayemwamini. Ikiwa mama huyo hajui ampigie nani simu, boti itapatikana wapi na nauli italipwa na nani, Jumatatu asubuhi itafika msichana akiwa bado kitandani anajifunika uso. Hapo ndipo mashirika yanapopaswa kupimwa, kwa sababu saa 72 hazisubiri kikao.

Wilaya yenye milango mingi

Rusizi, ambayo wengi wetu bado tunaiita Cyangugu, ipo kona ya kusini magharibi mwa Rwanda. Magharibi kuna Bukavu, mji mkubwa wa Kongo unaoonekana kwa macho ukiwa Kamembe. Kusini kuna Burundi. Mashariki, msitu wa Nyungwe unaitenga wilaya na sehemu nyingine ya nchi, na malori yanayotoka Kigali hupita humo. Wilaya ina sekta 18 na wakazi karibu nusu milioni. Mto Rusizi unatoka Ziwa Kivu kwenda Tanganyika, na juu yake kuna madaraja ambayo kila siku hupitisha nyama, unga, nyanya, vitenge na maelfu ya miguu.

Mahali kama hapa riziki ni kutembea. Mwanamke anayevuka alfajiri hajui kama bidhaa zitauzwa kabla ya jioni au atalazimika kulala ng'ambo. Dereva anayesubiri karatasi zake zigongwe mhuri ana pesa mfukoni na usiku mrefu mbele yake. Katika bonde la Bugarama kuna mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji cha CIMERWA, na palipo na mshahara na vibarua wasio na familia karibu, biashara ya ngono haikosekani. Ziwani, wavuvi wa samaki wadogo waitwao sambaza hukesha na taa zao na kulala mchana, wakati ambapo vituo vya afya viko wazi.

Utaona basi kwamba hakuna shirika moja linaloweza kuwafikia watu wote hawa. Anayemwona mvuvi hamwoni dereva. Anayesikilizwa na wanafunzi hasikilizwi na wanawake wa baa. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na jirani zetu wanaosema Kinyarwanda wana yao: *abishyize hamwe nta kibananira*, walioungana hakuna kinachowashinda.

Ushindi wa taifa, deni la mpakani

Tuwe wakweli kuhusu yaliyokwisha kupatikana. Rwanda ilianza kutoa dawa kwa kila anayekutwa na VVU, bila kusubiri kinga ya mwili ishuke, mwaka 2016. Utafiti wa kitaifa wa 2018 na 2019 ulikuta maambukizi yakiwa asilimia 3.0 kwa watu wa miaka 15 hadi 64: wanawake asilimia 3.7, wanaume asilimia 2.2. Mwaka 2023 shirika la UNAIDS liliitaja Rwanda, pamoja na Tanzania, Botswana, Eswatini na Zimbabwe, kuwa zimefikia lengo la 95-95-95. Maana yake, walio wengi wenye virusi wanajua hali zao, wanaojua wanatumia dawa, na wanaotumia dawa virusi vyao vimefubazwa kiasi kwamba hawawaambukizi wenzi wao.

Huu ni ushindi wa kujivunia. Lakini wastani wa taifa huwaficha watu wa pembeni. Miongoni mwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono nchini, uchunguzi wa mwaka 2010 ulikuta maambukizi ya asilimia 51. Mwaka 2015 yalikuwa asilimia 45.8, na mwaka 2019 asilimia 35.5. Soma tarakimu hizo mara mbili. Zinasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba kazi iliyofanywa inazaa matunda, na kwamba mwanamke wa kundi hilo bado anabeba mzigo karibu mara kumi ya mwanamke mwingine.

Nani aliwafikia wanawake hao? Waelimishaji rika, wengi wao waliowahi kuishi maisha yaleyale, waliopita baa kwa baa na chumba kwa chumba wakiwa na kondomu, vipimo na maneno ya dada kwa dada. Daktari hawezi kuifanya kazi hiyo. Hata mshahara wa daktari ukiongezwa mara tatu, mwanamke aliyezoea kutukanwa hatamfungulia mlango saa nne usiku.

Kila chama na ufunguo wake

Historia inathibitisha kwamba jamii ilitangulia. Mwaka 1995, wajane wa mauaji ya kimbari walianzisha AVEGA Agahozo. Wengi wao walibakwa mwaka uliotangulia na wakaachiwa virusi mwilini. Walikusanyika kufarijiana na kutafutiana matibabu miaka mingi kabla dawa za kufubaza hazijawafikia watu wa kawaida. Mwaka 2003 vyama vya wanaoishi na VVU viliungana katika mtandao wa RRP+. Vyama hivi vilijifunza kitu ambacho hakifundishwi darasani: jinsi ya kumpelekea mtu habari nzito bila kumvunja, na jinsi ya kukaa naye siku ya pili na ya tatu.

Angalia sasa funguo zilizopo katika wilaya moja. Mhudumu wa afya wa kijijini, *umujyanama w'ubuzima*, anajua nani mjamzito na nani ameacha kwenda kliniki. Ushirika wa waendesha pikipiki unajua njia zote, hata za usiku. Ushirika wa wanawake wa mpakani unajua nani amelala ng'ambo na nani amefilisika wiki hii. Kanisa na msikiti wanawajua wanaotarajia kufunga ndoa, na huweza kuwahimiza wapime pamoja. Klabu ya shule inamjua msichana aliyeacha masomo ghafla. Chama cha wanaoishi na VVU kinamjua aliyeanza kuficha dawa.

Kila mmoja ana ufunguo wa mlango mmoja, naye mgonjwa anahitaji milango minne ifunguke kwa mfuatano. Mama mjamzito aliyekutwa na VVU lazima aanze dawa, ajifungue mikononi mwa mkunga, mtoto apewe dawa za kinga na kupimwa kwa ratiba, na mumewe aletwe apime. Rwanda imefanya vizuri mno kuwaleta waume kliniki pamoja na wake zao. Lakini mume akiwa mvuvi au dereva, nani atamleta kama si chama cha wavuvi au cha madereva? Mlango mmoja ukibaki umefungwa, gharama yake inalipwa na mtoto ambaye hakuulizwa.

Tusipokubaliana, tugawane kazi

Wapo wanaosema mashirika hayawezi kushirikiana kwa sababu hayaamini mambo yaleyale. Padri hatagawa kondomu. Shehe hataki kusikia habari za baa. Vijana wanaona wazee wanawahubiria tu. Hoja hii ina uzito, na haifai kupuuzwa.

Hata hivyo, Rwanda yenyewe ina jibu lililokwisha kufanya kazi. Sehemu kubwa ya vituo vya afya nchini ni mali ya Kanisa Katoliki, na Dayosisi ya Cyangugu, iliyoundwa mwaka 1981, ina vyake. Vituo hivyo vinapima VVU, vinatoa dawa na kuwatunza wagonjwa kwa moyo, ila havitoi kondomu wala vidonge vya uzazi wa mpango. Serikali haikugombana na maaskofu. Ilijenga vituo vidogo karibu na vile vya kanisa, na huduma ambazo kanisa halitoi zikapatikana huko. Hakuna aliyeacha imani yake, na mwanamke hakukosa huduma.

Huko Bugarama, ambako Waislamu ni wengi na Kiswahili kimezoeleka sokoni, kuna kituo cha afya cha Kiislamu kinachohudumia watu wa dini zote. Imamu si lazima azungumzie kondomu mimbarini. Akisema tu kwamba kupima ni wajibu kwa anayetaka kuoa, na kwamba kumtenga mgonjwa ni dhambi, amefanya sehemu yake, na mwelimishaji rika atafanya iliyobaki. Ushirikiano haudai tufanane. Unadai kila mmoja aseme wazi mwisho wa kazi yake uko wapi, kisha amkabidhi mtu kwa anayefuata badala ya kumfungia mlango.

Vikao vingi, njia ndefu

Vyombo vya kuyakutanisha mashirika havikosekani. Tangu mwaka 2007 kila wilaya ya Rwanda ina jukwaa la pamoja la maendeleo, JADF, ambapo serikali, mashirika, madhehebu na wafanyabiashara hukaa meza moja. Katika barabara kuu za Afrika Mashariki, mradi wa ROADS ulioanza mwaka 2005 ulijaribu jambo la maana katika miji ya malori kama Mariakani, Busia na Malaba: badala ya kuanzisha shirika jipya, uliviunganisha vikundi vilivyokuwapo tayari, vya kina mama, vya vijana, vya wanaoishi na VVU, vikawa na mpango mmoja na sauti moja. Vikundi ambavyo peke yavyo visingeonekana vilipata nguvu ya kupanga na kusimamia kazi zao.

Kwa nini basi mtu bado anapotea kati ya mlango na mlango? Kwa sababu kila mfadhili hutaka hesabu yake. Shirika huulizwa limewafikia wangapi. Haliulizwi wangapi walifikishwa kwa mwenzake, na lisiloulizwa halifanywi. Matokeo yake, mashirika mawili hugombea mtaa ulio kando ya lami na kukiacha kisiwa. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Wavuvi wa Kivu wanatuonyesha namna. Huvua sambaza kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu mmoja ukiwa majini katikati yao, na hupiga makasia kwa wimbo mmoja. Kila mtumbwi una watu wake, lakini wavu hauwezi kuvutwa na mtumbwi mmoja. Mashirika ya Rusizi yanahitaji miti ya namna hiyo: mgawanyo wa maeneo unaojulikana, namba moja ya simu inayopokelewa usiku na mchana, karatasi moja ya rufaa inayotambuliwa na wote, na mfuko mdogo wa nauli ya boti na pikipiki.

Hapa lazima niweke onyo. Kushirikiana si kugawana majina ya wagonjwa. Jina la mwenye VVU likizagaa katika madaftari sita, kesho litakuwa sokoni, na keshokutwa mwenye jina atahama mji na kuacha dawa. Rufaa iende kwa namba ya siri, kwa ridhaa ya mhusika, na mtu mmoja tu awe na jukumu la kuthibitisha kwamba amefika. Chama kitakachovunja siri ya mtu kiondolewe kazini siku hiyohiyo. Pasipo imani, hata dawa ya bure haichukuliwi.

Pesa zilipokatwa

Mwaka 2025 ulitufundisha somo chungu. Tarehe 20 Januari, serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mpango wake wa PEPFAR, uliokuwa mhimili wa mapambano ya UKIMWI Afrika tangu mwaka 2003, ukatikiswa. Ruhusa ya muda ilipotolewa, matibabu yaliendelea. Katika kinga, kuwalinda watoto wasiambukizwe na mama zao kuliruhusiwa, lakini dawa za PrEP, zinazotumiwa kujikinga kabla ya hatari, ziliachwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Maana yake, katika nchi nyingi, mwanamke wa baa, ambaye ndiye anayezihitaji kuliko wengi, aliwekwa kando. Ukitaka kujua nani huanza kukatwa pesa zikipungua, ni huyu: mtu wa kupita mlango kwa mlango.

Kwa kaya ya kawaida mambo haya hayako mbali. Dawa za VVU ni bure, lakini pikipiki si bure, na siku ya kwenda kituoni ni siku isiyo na mauzo. Mwelimishaji rika aliyekuwa akiwaletea majirani vipimo na kondomu akikatiwa posho, mzigo wa nauli unahamia kwa mama mwenye watoto wanne. Kati ya nauli na unga, atachagua unga, na hakuna wa kumlaumu.

Ndiyo maana nasema ushirikiano uwe mali ya vyama vyenyewe. Mradi una mwaka wa kuanza na mwaka wa kuisha. Kikundi cha kuweka na kukopa hakiishi. Ushirika wa pikipiki una mapato yake, na kanisa lina sadaka yake. Wilaya ikitenga fungu la kudumu, hata dogo, na kila chama kikichangia kile kilicho nacho, kukabidhiana watu kunaweza kuendelea hata mfadhili akiondoka. Haba na haba hujaza kibaba.

Ng'ambo ya daraja

Hatimaye, hakuna kinga ya Rusizi isiyoihusu Bukavu. Nchi sita za ukanda huu, yaani Burundi, Kongo, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda, zililitambua hili zilipounda mpango wa Maziwa Makuu wa kupambana na UKIMWI, GLIA, ambao makao yake yaliwekwa Kigali. Mwaka 2005 Benki ya Dunia iliutengea dola milioni 20, wakilengwa watu wanaohama na kusafiri, kama wakimbizi na madereva wa masafa marefu. Wazo lilikuwa sahihi: virusi havionyeshi kitambulisho mpakani, kwa hiyo huduma nayo ivuke.

Wazo hilo linahitajika leo kuliko wakati ule. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Februari 2025 vita vilifika Bukavu na mji ukaingia mikononi mwa waasi wa M23. Kila mpaka unapofungwa au watu wanapokimbia, mtu fulani huachana na kituo alichokuwa akichukulia dawa. Serikali zinaweza kununiana, nazo zina sababu zake. Lakini ushirika wa wanawake wa Kamembe una dada zake Bukavu, na chama cha wenye VVU cha upande mmoja kinawajua wenzake wa upande wa pili. Hao ndio wanaoweza kusema, "Huyu ni wetu, mpeni dawa za mwezi mmoja mpaka arudi kwake." Ni kaka na dada waliozoea kuvuka, na haifai siasa iwakataze kuokoana.

Kazi ya kila mmoja

Kwa viongozi wa wilaya: katika kikao kijacho cha JADF, anzeni na swali moja. Mtu akihitaji PEP usiku wa leo katika sekta iliyo mbali kuliko zote, nani atampeleka, kwa chombo gani, na kwa pesa ya nani? Msifunge kikao bila jibu lenye jina na namba ya simu.

Kwa wafadhili: lipeni kwa mtu aliyefikishwa, na ulizeni alifikishwa na akina nani kwa pamoja. Mkiendelea kulipia mahudhurio, mtaendelea kununua mahudhurio.

Kwa mashirika: chagueni eneo lenu, semeni mnachoweza na msichoweza, na mtunze siri kama mnavyotunza heshima ya wazazi wenu.

Na kwako msomaji, kama una binti, mdogo wako au jirani, jua leo hii nani katika mtaa wako anaweza kupigiwa simu usiku. Usisubiri kumuuliza siku ya msiba. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini asiyejua pa kuyasema naye hana kosa. Kosa ni letu sote tuliokaa vikao bila kumwonyesha njia.